BARAZA LA JUMAPILI: Karanga Zilizotupwa

Ndugu msomaji, wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Wafanyabiashara wa mjini wakawajibu kwamba biashara ni matangazo. Kauli hizi mbili zimekaa katika lugha yetu miaka mingi kama wake wenza katika nyumba moja: hazipatani, na wala hakuna inayokubali kuhama. Wiki chache zilizopita zilikutana mezani pangu, na aliyezikutanisha ni mjukuu wangu.

Mjukuu huyu ni mwanafunzi wa mwaka wa pili katika chuo kimoja hapa Dar es Salaam, ambako anajifunza usanifu wa kurasa na matangazo. Mwalimu wao aliwapa kazi ya siku kumi: kila mmoja asanifu tangazo la ukurasa mmoja, kana kwamba litachapwa katika jarida la rangi linalosomwa na familia. Bidhaa achague mwenyewe, lakini iwe bidhaa halisi, inayouzwa na mtu anayeweza kuulizwa. Mjukuu wangu hakwenda mbali. Alichagua unga wa lishe wa jirani yetu, mama mmoja ambaye kwa miaka kadhaa sasa huchanganya mahindi, ulezi, soya na karanga, akasagisha mashineni, na kuuza kwa kilo katika kibanda chake hapa Temeke.

Jioni ya siku ya tatu akaniletea kazi yake ya kwanza. "Babu, nitazamie," akasema, na uso wake ulionyesha kwamba alikuja kupokea sifa wala si maoni.

Ama kwa hakika lilikuwa tangazo la kupendeza. Juu palikuwa na picha ya mtoto mchanga mwenye mashavu yaliyojaa, akicheka, aliyeokotwa katika intaneti. Chini yake, kwa herufi nene nyekundu, pameandikwa kwamba mwanao atakuwa wa kwanza darasani. Kisha zikafuata sifa: unga huu huongeza damu, huondoa maradhi yote ya watoto, na madaktari wanaupendekeza. Pembeni, kwa ajili ya kupamba, aliweka alama ya ubora ya Shirika la Viwango Tanzania. Rangi zilikuwa nyingi kama kanga za arusi.

Nilikuwa nimekwisha kufungua kinywa nimpongeze. Lakini mke wangu, aliyekuwa akichagua mchele kando, alivaa miwani yake, akaitazama ile picha kitambo kirefu, kisha akauliza, "Mtoto huyu ana umri gani?"

"Sijui, Bibi. Labda miezi mitatu."

"Mama yako naye alikuwa na miezi mitatu," akasema mke wangu, akarudi kwenye mchele wake.

KOPO LA MAZIWA

Ndugu msomaji, jambo hili hatujapata kulizungumza mbele ya wajukuu. Nalisimulia leo kwa idhini ya wote wawili, mke wangu na binti yangu.

Mwaka 1979 tulipata mtoto wetu wa kwanza, huyo ambaye leo ni mama wa mwanafunzi wetu. Rafiki yangu mmoja alikuwa ametuletea jarida la kigeni, la karatasi nzito yenye kung'aa. Ndani yake mlikuwa na ukurasa mzima wenye picha ya mtoto mnene, mweupe pe, na kopo la maziwa ya unga. Kampuni yenyewe sitaitaja. Ukurasa ule haukusema uongo wa wazi hata mmoja. Haukusema kwamba maziwa ya mama ni mabaya. Ulionyesha mtoto tu, na kopo tu, ukatuachia sisi wenyewe tuunganishe. Tukaunganisha. Wangu alikuwa mwembamba kama watoto wengi wenye afya walivyo, nasi tukaona aibu.

Nikatafuta kopo. Mwaka ule, baada ya vita vya Kagera, bidhaa zilikuwa adimu na bei yake ilikuwa ya kutisha kwa mshahara wa karani. Kwa hiyo kopo lililopasa kwisha kwa siku chache tukalifanya lidumu wiki mbili, kwa kuongeza maji. Maji yenyewe hayakuchemshwa sawasawa kila mara, na chupa haikusafishwa sawasawa. Mama naye, kwa kuwa mtoto hakunyonya kama kwanza, maziwa yake yakaanza kupungua. Kabla ya mwezi kwisha mtoto aliharisha hadi utosi ukabonyea. Tulikaa hospitali siku tisa. Muuguzi mmoja, Mungu amjalie, hakutukemea. Alimwekea mtoto dripu, akamfundisha mama yake kumrudisha kifuani, naye kwa subira akarudi.

Binti yangu alipona. Watoto wengine wa wodi ile hawakupona.

Hatukuwa peke yetu. Katika nchi nyingi maskini mambo yalikuwa hayo hayo, hata Shirika la Afya Duniani likalazimika kuchukua hatua. Mwezi Mei mwaka 1981 mkutano wake mkuu mjini Geneva ulipitisha Kanuni ya Kimataifa ya uuzaji wa vyakula vinavyotumika badala ya maziwa ya mama. Nchi 118 ziliiunga mkono, na moja tu, Marekani, ikaipinga. Kanuni ile inasema maziwa ya namna hiyo yasitangazwe kwa umma, na kopo lake lisiwe na picha ya mtoto mchanga. Fikiri, msomaji wangu: mataifa ya dunia yalikaa kitako kujadili picha ya mtoto anayecheka! Walijua kwamba picha moja yaweza kuingia katika nyumba ambamo hoja kumi zingefukuziwa mlangoni.

Mjukuu wangu alisikiliza habari hizi bila kusema neno. Kisha akaichukua karatasi yake, akaikunja mara mbili, akaenda kulala.

AKAENDA KUULIZA

Asubuhi nilimkuta barazani na daftari tupu. Akaniuliza, "Babu, kwa hiyo nisitangaze kitu?"

La hasha! Tangazo si dhambi. Mwenye kitu chema asiyekitangaza humnyima mwenzake haki ya kujua kwamba kipo. Muuza samaki anayepita mitaani akinadi anatuhudumia. Kosa lipo katika kutangaza usichokijua.

Nikampa habari ya David Ogilvy, Mwingereza aliyeanzisha kampuni ya matangazo mjini New York mwaka 1948. Alipopewa kazi ya kutangaza magari ya Rolls-Royce, hakuanza kwa kutunga maneno matamu. Alikaa wiki tatu akisoma kila kilichoandikwa kuhusu gari lile. Tangazo lililotoka mwaka 1958 lilijengwa juu ya jambo moja dogo alilolikuta katika kusoma kwake: kwamba gari likienda kasi ya maili 60 kwa saa, sauti kubwa kuliko zote ndani yake ni ya saa ya umeme. Hakusema gari ni tulivu. Alitaja saa, na msomaji mwenyewe akausikia ukimya.

Basi mjukuu wangu akashika daftari, akaenda kwa jirani yetu. Alikwenda akidhani atakaa nusu saa, akarudi jua likizama, mikono yake ikinuka karanga.

Alikuwa ameuliza kila kitu. Je, madaktari wanaupendekeza unga wako, Mama? Jirani alicheka. "Mwanangu, sijawahi kumwuliza daktari yeyote. Na mimi siuzi dawa, nauza uji." Je, ile alama ya ubora unayo? Hana bado, ameanza kufuatilia taratibu zake, na mtu asiyepewa alama ile haruhusiwa kuitumia, hata kwa pambo. Unamfaa mtoto wa umri gani? Hapo jirani aliacha kucheka. Akasema yeye humuuliza kila mama umri wa mtoto kabla ya kumpimia, na mwenye mtoto ambaye hajatimiza miezi sita humwambia arudi nyumbani akanyonyeshe.

Mama huyu hakusoma kanuni za Geneva, lakini maneno yake ndiyo hayo hayo wataalamu wanayoyasema. Mtoto apewe maziwa ya mama peke yake kwa miezi sita ya kwanza. Baada ya hapo aanzishiwe vyakula vingine, huku akiendelea kunyonya hadi miaka miwili au zaidi. Mwaka 2016 mkutano mkuu wa Shirika la Afya Duniani ulipokea mwongozo mpya unaogusa hata vyakula vya watoto waliovuka miezi sita: tangazo lake litaje umri huo na kunyonyesha, tena lisioneshe picha ya kumfanya mzazi adhani chakula kinamfaa mtoto mdogo zaidi. Kwa hiyo ile picha ya miezi mitatu ingekuwa kosa hata kama kila neno chini yake lingekuwa kweli.

Lakini kilichomchelewesha mjukuu wangu hakikuwa maswali. Kilikuwa ungo. Jirani yetu huketi kila Alhamisi na ungo magotini, akichambua karanga moja moja. Zilizosinyaa, zilizopasuka, zilizobadilika rangi, na zenye hata dalili ya ukungu, huzitupa katika beseni kando yake. Hazilishi kuku, wala hamwuzii mtu kwa bei nafuu. Huzifukia.

Sababu yake ni sumukuvu. Hii ni sumu inayotengenezwa na kuvu wanaoota juu ya karanga, mahindi na nafaka nyingine zisipokaushwa au kuhifadhiwa vizuri. Huharibu ini, na moto wa jikoni hauiondoi. Mwaka 2016, katika mikoa ya Dodoma na Manyara, watu wapatao 20 walifariki kwa kula mahindi yenye sumu hiyo. Jirani yetu alisikia habari zile, na tangu siku hiyo ungo haujapumzika.

LIMAU

Nilipoyasikia hayo nikakumbuka tangazo jingine la kale. Mwaka 1959 Wamarekani walikuwa wakipenda magari marefu yenye mapezi nyuma kama papa. Kampuni ya Doyle Dane Bernbach ya New York ikapewa kazi ya kuwauzia Volkswagen, lile gari dogo la Kijerumani lenye mgongo wa kobe, ambalo wazee wenzangu mnalikumbuka sana. Msanifu Helmut Krone na mwandishi Julian Koenig hawakujaribu kulikuza. Walichapa picha yake ndogo pembeni mwa ukurasa, wakaacha sehemu kubwa tupu, na kichwa chao kikamshauri msomaji afikirie udogo.

Mwaka uliofuata ikatoka picha ya gari zima, zuri, na chini yake neno moja tu: limau. Kwa Wamarekani, gari bovu huitwa limau. Msomaji aliyeshangaa na kusoma maelezo aligundua kwamba gari lile lilikataliwa na wakaguzi wa kiwandani kwa sababu ya dosari katika utepe wa kromu kwenye kijisanduku cha ndani. Kwa kumwonyesha walichokikataa, walimfanya aamini walichokikubali. Mwaka 1999 jarida la Marekani la Advertising Age liliyachagua matangazo ya Volkswagen kuwa bora kuliko yote ya karne ya 20.

Mjukuu wangu hakusubiri nimalize. Akarudi mbio kwa jirani kuuliza kama beseni la Alhamisi lingalipo.

Tangazo lake la pili, ndugu msomaji, lilikuwa hivi. Ukurasa mweupe. Katikati, ungo wenye karanga mbovu, zilizopigwa picha kwa simu asubuhi kando ya dirisha, mwanga ukipita upande mmoja hata kila mkunjo ukaonekana. Chini yake maneno mawili: "Hizi hazimo." Kisha aya fupi ya sentensi nne: kwamba karanga hizi zilichambuliwa kwa mkono na kutupwa; kwamba unga una vitu gani vinne; kwamba ni kwa watoto waliotimiza miezi sita wanaoendelea kunyonya; na kwamba mnunuzi anakaribishwa siku ya Alhamisi aje aone uchambuzi. Hapakuwa na mtoto, wala daktari, wala alama ya kuazima.

Kulikuwa na sentensi ya tano. Iliandikwa kwamba unga huu hauna sumukuvu. Jirani yetu aliisoma kwa kidole, akauliza, "Nani amepima?" Hakuna aliyepima. Kuchambua hupunguza hatari sana, lakini sumu yenyewe haionekani kwa macho, na karanga yenye sura njema yaweza kuwa nayo. Maabara pekee ndiyo inayoweza kusema. Sentensi ikafutwa. Nakiri kwamba mimi ningeiacha, kwa maana ilikuwa sentensi nzuri.

KAZI YA KARATASI

Usidhani, msomaji, kwamba baada ya wazo kazi imekwisha. Niliketi na mjukuu wangu usiku mbili mbele ya kompyuta, nikajifunza mengi kuliko niliyomfundisha.

Ukurasa wa jarida la kipimo cha A4 una upana wa milimita 210 na urefu wa milimita 297. Lakini rangi ikifika ukingoni, msanifu huizidisha milimita 3 kila upande, kwa sababu kisu cha mchapaji hakikati mahali pale pale kila mara. Bila nyongeza hiyo utaona uzi mweupe wa aibu. Picha inayong'aa kwenye simu yaweza kutoka hafifu katika karatasi, kwa kuwa uchapaji mzuri hudai nukta zipatazo 300 katika kila inchi. Tena kioo cha kompyuta hupata rangi kwa mwanga, na karatasi hupata kwa wino. Chukua kioo cha kukuzia, utazame picha yoyote ya jarida: utaona nukta za wino wa aina nne tu, samawati, majenta, manjano na nyeusi, na jicho ndilo linalozichanganya. Ndiyo maana kahawia ya karanga ilitoka nyekundu mno mara ya kwanza. Na ndiyo maana maelezo madogo huchapwa kwa wino mweusi peke yake, ili nukta zikihama kidogo herufi zisiwe na kivuli.

Mjukuu alitaka pia kuujaza ule weupe uliobaki. "Babu, nafasi tupu ni hasara, jarida hutoza kwa ukurasa." Nikamwambia atazame chumba chetu cha wageni: mama yake akiweka ua moja mezani kila mgeni huliona, akiweka kumi, wageni hutafuta pa kuweka kikombe. Ogilvy aliandika kwamba wanaosoma kichwa ni mara tano ya wanaosoma maelezo. Kwa hiyo picha na yale maneno mawili ilibidi yatoshe kwa mtu anayefunua kurasa akiwa ndani ya daladala.

Siku ya kuonyesha kazi, baadhi ya wenzake walicheka. Ni nani anayetangaza chakula kwa kuonyesha uozo? Mwalimu hakucheka. Aliuliza swali moja, "Je, ni kweli?" Mjukuu wangu akamwonyesha picha za jirani akichambua, na daftari lake la maswali. Mwalimu akamsifu, kisha akampunguzia alama, kwa sababu katika shughuli zote hizo alisahau kuandika unga wenyewe unapatikana wapi! Kumbe tangazo likikosa anwani ni kama mnada usio na mahali.

Anwani ikaongezwa, na nakala moja ikabandikwa katika kibanda cha jirani. Sasa wateja huja Alhamisi kuangalia ungo. Juzi alinisimamisha njiani. "Mzee," akasema, "mjukuu wako ameniletea kazi. Zamani nikichoka niliweza kupumzika wiki moja. Sasa siwezi tena, watu wameambiwa."

Ndugu msomaji, katika maneno hayo ndimo zile kauli mbili zilimopatana. Tangazo ni ahadi, na aliyeahidi hadharani amejifunga. Hata wakubwa hushindwa hapo. Kampuni ile ile ya Volkswagen, iliyosifiwa kwa kuonyesha dosari zake, mwezi Septemba mwaka 2015 ilikutwa imeweka katika magari yake ya dizeli programu ya kudanganya vipimo vya moshi. Yalikuwa magari yapatayo milioni 11 duniani, na huko Marekani yalikuwa yametangazwa kuwa safi. Sifa ya nusu karne haikuwalinda. Njia ya mwongo ni fupi, hata akiwa na gari.

Basi leo, mkiisha kula, fungueni jarida lolote lililo nyumbani, au simu, muwaulize watoto maswali matatu juu ya tangazo moja. Linasema nini kwa maneno? Linasema nini kwa picha ambacho halithubutu kukiandika? Na nani amepima? Msiwakataze kuyatazama, kwa maana watayatazama. Wafundisheni kuuliza.

Ile karatasi ya kwanza, yenye mtoto anayecheka, mama yake mwanafunzi aliikuta imekunjwa chini ya kitabu. Aliifungua, akaitazama, akauliza ni ya nini. Binti yake akamwambia yote. Binti yangu hakusema kitu. Aliirudisha ilipokuwa, akaenda jikoni kumsaidia mama yake kuchagua mchele. Walikaa humo muda mrefu, nasi tulisikia wakicheka.

Tukutane Jumapili ijayo, Mungu akipenda.